Nakshi kwenye chuma: huu ufundi ulikufa lini, na nani kaufufua?

#1 Tindo Kali

Wakuu, salaam.

Kazi yangu ni kuandika majina na kutia nakshi kwenye pete, saa, bangili na vikombe vya mashindano, hapa Kariakoo. Nina hoja. Ipigeni mawe.

Kila nikikaa na mafundi wenzangu wananiambia leza ndiyo iliyoua kazi ya kuchora kwenye chuma kwa mkono. Mimi nasema leza inasingiziwa, ilimkuta marehemu ameshazikwa. Aliyeua ni kamera. Zamani picha nyingi zilizochapwa, iwe ramani, noti, stempu au sura ya mfalme, zilipita mikononi mwa mtu aliyeinamia bamba la shaba au kipande cha mbao, anasukuma kalamu ya chuma mstari kwa mstari. Miaka ya 1880 na 1890 wachapaji wa Ulaya na Marekani wakapata njia ya kuhamisha picha ya kamera kwenye bamba kwa mwanga na asidi. Jeshi zima la mafundi likakosa kibarua.

Sasa ajabu yenyewe. Leo leza iko kila kichochoro, na hapo hapo ufundi wa mkono umefufuka. Marekani, Italia, Ubelgiji, Urusi, kuna vijana wanajifunza na wazee wanafundisha. Kwa nini sasa? Mimi jibu langu ni moja: vifaa. Nitaeleza nikitoka kazini. Anzeni.

#2 Zilipendwa

Nimevuta kigoda, karanga ninazo.

#3 Jasho la Leza

Mleta uzi, ahsante kwa kunitetea mimi muuaji. Nina mashine ya leza na nyingine ndogo ya CNC, ile inayokata kwa kuongozwa na kompyuta. Kikombe cha ligi ya mtaa nakimaliza kabla chai haijapoa, na tangu nifungue duka hakuna mteja aliyeniuliza kama nimeandika kwa mkono au kwa umeme. Anauliza jina la timu limekaa sawa? Basi.

Huo ufufuo wako ni wa matajiri. Mtu ana bunduki ya kuwindia yenye bei ya nyumba, anataka na bata wachorwe ubavuni. Hiyo ni fedha imetafuta mahali pa kukaa. Usiite ufufuo wa ufundi.

#4 Mwalimu Mstaafu

Tindo, hoja yako ina pengo. Umemruka muuaji wa kwanza. Miaka ya 1790, kule Bavaria, Alois Senefelder aligundua kuchapa kwa jiwe, yaani litografia. Msanii anachora juu ya jiwe kwa kalamu yenye mafuta, jiwe linalowanishwa, wino unashika penye mafuta tu. Hakuna kukata. Shaba inataka subira na mkono uliofundwa miaka; jiwe linapokea mchoro wa mtu yeyote anayejua kuchora. Kamera ilikuja kumalizia.

Na tusichanganye mambo mawili. Kukata nakshi kwenye chuma ni jambo la kale sana. Kupaka wino kwenye nakshi hiyo na kuichapa kwenye karatasi ndilo jambo la karne ya 15, na lilianzia kwa masonara wa Ujerumani, hasa bonde la mto Rhine.

#5 Mkazi wa Baridi

Mwalimu shikamoo, lakini hapo nakupinga. Aliyegundua kuchapa hivyo ni Maso Finiguerra, sonara wa Florence, mwaka 1460. Alikuwa anachora kwenye fedha, anajaza ile dawa nyeusi wanayoiita nielo, akaona wino unahama. Vasari, yule aliyeandika maisha ya wasanii wa Italia, ameandika waziwazi.

#6 Mwalimu Mstaafu

Marahaba. Vasari alikuwa mtu wa Tuscany, mkoa wenye hiyo Florence yako, na watu wa Tuscany aliwapigia debe kwa kila kitu. Ipo seti ya picha za Kijerumani za mateso ya Yesu ambayo mwaka umechorwa humo humo kwenye bamba: 1446. Toa 1446 kwenye 1460 unipe jibu.

#7 Zilipendwa

14. Nipewe zawadi yangu.

Ila mnaanza na Wazungu kama kawaida. Pango la Blombos, Afrika Kusini, vipande vya udongo mwekundu vimechorwa mistari ya kupishana, miaka zaidi ya 70,000 iliyopita. Florence ilikuwa haijawa hata pori lenye jina.

#8 Mkazi wa Baridi

@Zilipendwa kwa mtindo huo tutafika Java, Indonesia. Pale Trinil kuna kombe la mtoni lenye mistari ya zigizaga, miaka kama 500,000, na aliyekwaruza wala hakuwa mtu kama sisi, alikuwa Homo erectus. Turudi kwenye chuma.

Mwalimu, tukubaliane Ujerumani. Na bingwa wao ni Albrecht Dürer. Tazameni yule kifaru wake wa 1515, kila gamba limekatwa kwenye shaba.

#9 Mwalimu Mstaafu

Kifaru wa Dürer ni chapa ya mbao, si shaba. Tofauti si ndogo. Kwenye mbao fundi anaondoa sehemu nyeupe na kuacha mstari umesimama, na wino unakaa juu ya mstari. Kwenye shaba anakata mstari wenyewe, wino unaingia ndani ya mfereji, bamba linafutwa, kisha karatasi yenye unyevu inakandamizwa hadi iingie mferejini kuutoa. Ukitaka shaba ya Dürer katazame yule askari anayepanda farasi na Mauti pembeni, wa 1513, au Melencolia ya 1514. Hapo mistari imesogeleana mpaka macho yanadhani ni kivuli.

Kifaru mwenyewe Dürer hakumwona. Mnyama aliletwa Lisbon kutoka India, yeye yuko Nuremberg, akachora kwa barua na mchoro wa mtu mwingine. Ndiyo maana kampa kipembe cha ziada mabegani.

#10 Dada Noti

Kifaru tunaye sisi kwenye elfu tano, tena hana pembe mabegani 😂

Nafanya kazi dirishani benki, na huu ufundi mnaousema umekufa naugusa kila siku. Chukua noti mpya ya elfu kumi isiyochakaa, pitisha ukucha juu ya maandishi. Inakwaruza. Ule ni wino uliotoka kwenye mfereji wa bamba, kama Mwalimu alivyoeleza #9. Bandia nyingi tunazikamata kwa kidole kabla ya mashine. Kwa hiyo Tindo, haukufa. Ulihamia kwenye pesa.

#11 KipepeoNRB

Dada Noti amesema kweli. Huku kwetu De La Rue walikuwa na kiwanda cha noti pale Ruaraka mpaka shughuli ziliposimama 2023. Na kwetu kuna kisa cha ziada: Katiba ya 2010, kifungu cha 231, inakataza noti na sarafu kuwa na picha ya mtu yeyote. Noti mpya zilipotoka 2019 wakaweka KICC, lile jumba la mikutano la Nairobi, na mbele ya KICC kuna sanamu ya Mzee Kenyatta. Watu wakaenda kortini. Wachoraji wa sura wamekosa kazi Kenya kwa sheria!

#12 Jasho la Leza

Haya, nani leo anakata sura ya noti kwa mkono? Kompyuta. Dada Noti unagusa kazi ya programu.

#13 Mwalimu Mstaafu

Mchanganyiko, Jasho, na si wa leo. Mmarekani Jacob Perkins mwanzoni mwa karne ya 19 alikuwa anachora kwenye chuma cha pua kilicholainishwa, anakitia moto na kukipoza ghafla kiwe kigumu, anaviringisha juu yake gurudumu laini linyonye mchoro, analifanya gumu nalo, kisha gurudumu hilo linapiga mabamba mengi yanayofanana kabisa. Ndivyo ilivyochapwa stempu ya kwanza ya kubandika duniani, ile nyeusi ya Uingereza ya 1840. Kichwa cha Malkia Victoria kilikatwa kwa mkono, yale mapambo ya nyuma yenye mizunguko yalikatwa na mashine. Mkono na mashine walishaoana kabla babu zetu hawajazaliwa.

Na mkono haukutoka hata baada ya hapo. Czesław Słania, Mpolandi aliyehamia Sweden, alikata stempu zaidi ya 1,000 za nchi nyingi, na alifariki 2005. Hiyo ni juzi.

#14 Tindo Kali

Nimerudi. Naona mmeshamfikisha marehemu benki.

Nieleze hoja ya vifaa. Njia ya zamani ni mbili. Moja, unasukuma kalamu ya chuma kwa kiganja. Kitako chake cha mbao kinakaa kwenye nyama ya kiganja, kidole gumba kinakuwa breki. Kazi unailaza juu ya mto wa ngozi uliojaa mchanga, na kwenye kona unazungusha kazi, si kalamu. Ya pili ni nyundo ndogo na tindo, kwa chuma kigumu kama cha bunduki. Zote mbili zinakula miaka kabla mkono haujatulia. Kalamu ikiteleza, imechana pete ya mtu na kidole chako.

Sasa kule Emporia, Kansas, alikuwepo Don Glaser aliyetengeneza kifaa kinachopiga kalamu kwa hewa, unakikanyaga kwa mguu, kalamu inatetemeka mara nyingi sana kwa dakika, mkono wako unaongoza tu. Kampuni yake GRS ikafungua na darasa. Baadaye Steve Lindsay wa Nebraska akaja na kikalamu chake cha hewa. Ongeza darubini ya mezani yenye macho mawili. Mwanafunzi anayepata vitu hivyo anafika haraka zaidi mahali ambapo mzee wangu alifika na mvi. Huo ndio ufufuo. Hewa na darubini.

#15 Mjukuu wa Sonara

Assalaam alaykum. Nimesoma toka juu, nikakaa kimya mpaka #12 ikanichokoza.

Babu yangu alikuwa sonara Mkunazini, Unguja. Bangili za fedha, vipini vya masikio, vikuku vya harusi. Jasho la Leza, wewe unaandika, babu alikuwa anakata, na tofauti yake unaiona kwa jicho bila darubini. Leza inachoma na kuyeyusha. Chini ya mfereji wake ni kweusi au kijivu, pamefifia. Kalamu iliyonolewa vizuri na uso wake ukapigwa msasa mpaka ukawa kioo, inaacha ukuta wa mfereji nao ni kioo. Ukata kwa mshazari, mwanga unaingia unarudi. Bibi harusi akigeuza mkono, bangili inawaka. Waingereza wa mwisho wa karne ya 18 walikuwa na wazimu wa nakshi za namna hiyo kwenye masinia na vijiko vya fedha.

Kwa hiyo Tindo, hewa sawa, darubini sawa. Ila siri iko kwenye kunoa. Babu alikuwa ananoa muda mrefu kuliko anaokata, na pembe ya kisigino cha kalamu hakumwonesha mtu. Hata baba yangu aliiona kwa kuibia.

#16 Mkazi wa Baridi

@Mjukuu umegusa penyewe, na ndipo ninapomkataa Tindo. Vifaa vya hewa vipo tangu miaka ya 1960 na 70. Mbona wimbi limekuja juzi? Kilichobadilika ni kwamba wazee wameacha kuficha. Babu yako alificha pembe ya kalamu. Leo mtu wa Nebraska au wa Gardone, Italia, anaiweka YouTube, ameipiga picha kwa darubini, na digrii zake. Huku niliko nilijiunga na darasa la jioni, mwalimu alitupa vipimo vyote siku ya kwanza, hata jiwe la kunolea akataja. Ufundi ambao ulikuwa unarithiwa kama ng'ombe umekuwa wa mwenye kifurushi.

#17 Fundi Mihuri

Kifurushi kikiisha ufundi nao unaisha? 😂

#18 Jasho la Leza

Mkazi, swali dogo. Katika darasa lako la jioni, wangapi wanalipa kodi ya nyumba kwa hiyo kazi?

#19 Mkazi wa Baridi

Wachache. Wengi ni wastaafu na watu wa kompyuta waliochoka kuangalia skrini. Sikatai.

#20 Mwalimu Mstaafu

Hilo la "waliochoka" ndilo jibu langu mimi, na si jipya. Uingereza, mara tu kamera ilipowanyang'anya wachoraji wa mbao kazi ya magazeti, wasanii wakaiokota. Mwaka 1920 wakaunda Chama cha Wachoraji wa Mbao, kina Gwen Raverat, Noel Rooke na Robert Gibbings. Hawakuwa wananakili picha za wengine tena, walikuwa wanachora za kwao. Mwaka 1927 Stanley William Hayter akafungua karakana Paris iliyokuja kuitwa Atelier 17, akairudisha kalamu ya chuma kwa wasanii wakubwa. Joan Miró alipita pale, Jackson Pollock naye alipita karakana ilipohamia New York. Naye Laurence Whistler wa Uingereza, si yule Whistler mchoraji wa Marekani, akafufua kuchora kwenye glasi kwa ncha kali miaka ya 1930.

Kwa hiyo ufufuo huu ni wa mara ya pili au ya tatu. Kila mashine ikichukua mkate wa fundi, anakuja msanii anachukua kifaa chake. Hewa ya Tindo na YouTube ya Mkazi ni mambo ya pembeni.

#21 Tindo Kali

Mwalimu hayo "ya pembeni" ndiyo yananilisha. Msanii wako wa Paris hakuwahi kuandika "Nakupenda Mwanaidi" ndani ya pete ya milimita tatu.

#22 Bint Nizwa

Ndugu zangu hamjambo. Nawasoma kutoka Muscat, nyumbani kwetu asili Pemba.

Nyote mnabishana nani kafufua. Huku hakuna aliyefufua, kwa sababu haikufa. Khanjari ya Oman iko kwenye bendera ya nchi, na mwanamume akienda harusini au kwenye sherehe ya taifa anaivaa kiunoni. Ala yake inafunikwa fedha, ama bamba la fedha lililokatwa nakshi ama nyuzi za fedha zilizosokotwa, na kila mji una mkono wake. Mtu anayejua anaitazama ala anakwambia hii ya Nizwa, hii ya Sur. UNESCO iliiingiza kwenye orodha ya urithi usioshikika mwaka 2022.

Maadamu kitu kinavaliwa, fundi anakula. Si hewa wala intaneti. Ni vazi.

Na kwa waliomtaja kifaru: vipini vya kale vya khanjari za wakubwa vilikuwa pembe ya kifaru. Siku hizi ni msandali na vitu vingine.

#23 Mjukuu wa Sonara

Bint Nizwa umesema. Kwetu vikuku vya fedha vilipotoka kwenye mahari ikaingia dhahabu ya Dubai iliyokuja imeshapigwa mashine, babu akafunga duka. Hakuna kamera iliyomfungia wala leza. Ni mabibi harusi.

#24 KipepeoNRB

Wanawake tena! Kila kitu ni sisi 😅

Lakini Lamu je? Siwa, yale mabaragumu ya watawala, ile ya shaba na ile ya pembe ya ndovu kutoka Pate, zote ziko jumba la makumbusho Lamu, zimechorwa nakshi na maandishi kuanzia mdomoni mpaka shingoni. Tungeanza uzi na hizo.

#25 Mzee wa Patasi

KipepeoNRB mwanangu, tuziweke mbalimbali. Siwa ya Lamu ya shaba imemiminwa kwa njia ya nta. Fundi alichonga nta, akaifunika udongo, akaichoma, nta ikatoka ikaingia shaba. Nakshi yake ilizaliwa kwenye nta. Siwa ya Pate ndiyo iliyochongwa yenyewe, pembe tupu, na ni ndefu kupita mtu.

Mimi ni seremala wa milango ya nakshi, nimejifunzia Lamu, sasa niko Unguja. Mwalimu ameeleza mbao za Wazungu nikakumbuka jambo. Wale wachoraji wa Uingereza, kuanzia Thomas Bewick wa Newcastle wa karne ya 18, walikuwa wanachora kwenye kichwa cha gogo, yaani mti umekatwa kwa upana kama unavyokata muhogo, tena mti mgumu sana. Ndiyo maana walitumia kalamu ya mchora shaba, haichanwi na nyuzi. Sisi tunachonga ubavu wa ubao, na nyuzi za mninga au msaji zinakutawala. Ukienda kinyume chake ua zima linabanduka. Hatutumii kalamu ya kusukuma, tunatumia patasi na nyundo ya mti. Kwa hiyo mlango wa Unguja hauingii kwenye uzi huu, ingawa najua mtaniletea.

#26 Zilipendwa

Mzee shikamoo. Kwa kuwa umeshauleta: ile misumari ya shaba kwenye milango ni ya kuzuia tembo, kweli si kweli? Kuna mtembeza watalii aliniapia.

#27 Mzee wa Patasi

Marahaba. Tembo wa Unguja mwambie akuoneshe hata kinyesi chake. Mtindo umetoka Bara Hindi pamoja na mafundi wa Kutch na Gujarati, huko tembo walikuwepo. Huku ni pambo la mwenye nazo.

Lakini jiwe naweza kuliingiza. Mihrabu ya msikiti wa Kizimkazi Dimbani ina maandishi ya Kikufi, mwandiko wa kale wa Kiarabu, yenye tarehe ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107. Yamekatwa kwenye matumbawe. Tumbawe likitoka baharini ni laini, unalikata kama unavyotaka, likikaa nje linakuwa gumu. Nakshi zake zinafanana sana na za Siraf, bandari ya Uajemi. Wako wanaosema fundi alitoka huko, wako wanaosema mwenyeji alijifunza mkono huo. Mimi nikiyatazama naona mkono wa mtu aliyezoea tumbawe.

#28 Fundi Mihuri

Mimi mnanidharau, nachonga mihuri ya mpira chini ya mti nje ya mahakama. Lakini niwaambie kitu ambacho hakuna aliyekisema. Sarafu.

Pale Mtambwe Mkuu, Pemba, mwaka 1984 ilifukuliwa hazina ya sarafu za fedha zaidi ya 2,000, za karne ya 11 hivi. Vijisarafu vyembamba vidogo, vina majina ya watawala kama Ali bin al-Hasan, na maandishi ya mbele na nyuma yana vina. Shairi kwenye sarafu! Kilwa nao walipiga za shaba karne kadhaa, na kuna zilizookotwa mwaka 1944 visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia.

Sasa jiulizeni muhuri wa kupigia ulikatwaje. Yule fundi alikata herufi za Kiarabu kinyume, kwa shimo, ndani ya duara dogo kama kifungo, kwenye chuma, ili zikipigwa kwenye fedha zitoke zimenyooka na zimeinuka. Mimi nikichonga kinyume kwenye mpira natumia kioo, na bado kuna herufi zinanigomea. Yeye hakuwa na darubini ya Tindo. Pwani hii ilikuwa na wachora chuma zaidi ya miaka 400 kabla ya Dürer, na mnazungumzia Kansas.

#29 Mwalimu Mstaafu

Fundi Mihuri, hii ndiyo michango. Naongeza tu kwamba paisa za shaba za Sayyid Barghash za mwaka 1299 Hijria, zile zenye mizani, zinaonesha ufundi huo wa muhuri ulivyokuwa umehamia kwenye mitambo mikubwa.

#30 Jasho la Leza

Sawa, tuna historia ya kutosha kulia. Leo vijana wa nakshi wako wapi? Mimi nawaona maegesho ya magari, wana kimashine kinachozunguka kama cha daktari wa meno, wanaandika namba ya gari kwenye vioo na taa ili wezi wasifungue. Fedha inaingia kila siku. Huyo ndiye mchoraji wa chuma na glasi wa nchi hii, na hakuna anayemwita msanii.

#31 KipepeoNRB

Na Nairobi wapo! Wengine mkono wao ni mzuri ajabu, namba inatoka kama ya kitabu.

#32 Mkazi wa Baridi

Jasho, kwa mara ya kwanza uko upande wangu bila kujua. Marekani ufufuo mmoja ulianzia chini kabisa. Senti tano ya nyati, iliyotolewa 1913 hadi 1938, ilikuwa na kichwa kikubwa upande mmoja na chuma laini kiasi, basi watu wasio na makazi waliorukia treni za mizigo wakawa wanakata upya ile sura: wanaiwekea ndevu, kofia, fuvu. Wanabadilisha na chakula. Wawili wakawa maarufu, Bert Wiegand na mwanafunzi wake George Washington Hughes aliyeitwa Bo. Mwaka 1992 wakusanyaji wakaunda chama. Leo Roman Booteen wa Urusi anakata sarafu zenye vipande vinavyocheza, na zinanunuliwa kwa bei ya gari. Kutoka kwa masikini wa reli.

#33 Tindo Kali

Na mashine anayotumia Booteen si ya hewa?

#34 Mkazi wa Baridi

Bert na Bo walikuwa na mashine gani?

#35 Jasho la Leza

Na mnunuzi wa bei ya gari ni masikini gani? Turudi #3.

#36 Dada Noti

Mnazunguka humo humo. Mimi nina swali la mtu wa kawaida. Mdogo wangu ana miaka 17, anachora vizuri sana kwa penseli, shule imemshinda ada. Kama nataka ajaribu hii, aanzie wapi? Chuo cha bunduki Liège nimesikia kipo, lakini hapo ni Ubelgiji na sisi tuko Mbagala.

#37 Tindo Kali

Amtafute fundi, akae naye. Hata mimi anaweza kuja. Kompresa ya kupulizia rangi ya gari inatosha kuanzia, kikalamu ndicho ghali.

#38 Mjukuu wa Sonara

Dada Noti, asinunue kompresa. Chukua keekee ya chuma iliyokatika, ile ngumu ya kutobolea chuma, isage iwe na pembe nne, ipachike kwenye kitako cha mbao kinachojaza kiganja. Anoe kwanza. Anoe mpaka ncha ikiwekwa juu ya ukucha wa gumba isiteleze. Ikiteleza arudi kwenye jiwe. Asikate kitu chochote kabla ya hapo. Na pembe ya uso aanze na nyuzi 45, babu anisamehe.

#39 Mzee wa Patasi

Na kabla ya pete ya mtu akate mistari iliyonyooka, kisha mizunguko, kisha mizunguko ndani ya mizunguko. Majani na maua baadaye. Mtoto anayeanza na ua hajifunzi mstari.

#40 Dada Noti

Nawashukuru. Akatie kwenye nini? Bamba la shaba madukani bei yake si mchezo.

#41 Jasho la Leza

Mabaki ya shaba njano ya vibao vya majina ninayo ndoo nzima, aje achukue bure.

#42 Mjukuu wa Sonara

Shaba njano ya vibao itamvunjia ncha mapema. Aende kwa mafundi friji aombe vipande vya bomba la shaba nyekundu, alipasue, alipige liwe bapa, alipitishe motoni liwe jekundu kisha alitumbukize majini. Linalainika.

#43 Zilipendwa

Motoni halafu majini si linakuwa gumu? #13 hapo juu Mwalimu kasema la Perkins likipozwa ghafla linakuwa gumu.

#44 Mjukuu wa Sonara

Hicho ni chuma cha pua. Shaba haifuati hiyo sheria, ipoze utakavyo itatoka laini. Kula karanga zako.